Mabomba Bubu ya Trinity

Kwa takriban miaka 15, mtu aliyeingia kanisa la Trinity, pale Broadway inapokutana na Wall Street jijini New York, akainua macho kutazama roshani ya nyuma, alikiona kinanda cha mabomba. Kasha la mbao lilikuwapo, limechongwa kwa mtindo wa kanisa lenyewe, na mabomba yamesimama mbele yake kwa mpangilio, marefu kwa mafupi. Ibada ikianza, sauti ya kinanda ilijaa hadi darini. Lakini mabomba yale hayakuvuta pumzi hata moja. Sauti ilitoka kwenye spika zilizofichwa, na spika zenyewe zililishwa na kompyuta.

Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani, na kisa hiki hakijanitoka tangu nilipokutana nacho. Makanisa mengi duniani yamebadilisha mabomba kwa umeme, na mara nyingi sababu ni moja tu: fedha hazikutosha. Trinity haikuwa maskini. Kilichotokea pale kilianza kwa maafa ambayo hakuna aliyeyataka, kikaendelea kwa uamuzi wenye akili, kisha kikageuka mazoea.

Parokia ya Trinity ilipata hati yake kutoka kwa Mfalme William III mwaka 1697. Mwaka 1705 Malkia Anne aliipa ardhi kubwa ya Manhattan, wakati ambapo sehemu hiyo ilikuwa mashamba tu. Leo ardhi iliyobaki mkononi mwake, pamoja na majengo na vitega uchumi, ina thamani ya mabilioni ya dola, na Waanglikana wa Afrika wamelizoea jina la Trinity kwa sababu ya misaada inayofika katika dayosisi zao. Jengo la sasa ni la tatu. La kwanza liliungua katika moto mkubwa wa mwaka 1776. Hili la sasa lilichorwa na Richard Upjohn na kufunguliwa mwaka 1846, na mnara wake wa mita 86 ulikuwa kilele cha jiji zima hadi mwaka 1890. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, amezikwa uani.

Kinanda cha kwanza cha jengo hili kiliundwa na Henry Erben, fundi wa New York, mwaka huohuo wa 1846, kikawekwa kwenye roshani ya nyuma. Katika miaka ya 1920 Ernest Skinner wa Boston aliunda kingine, na baadaye kampuni iliyorithi jina lake, Aeolian-Skinner, ikakijenga upya na kukipanua. Kwa Marekani ya karne ya 20, Aeolian-Skinner lilikuwa jina la juu kabisa katika kazi hiyo, na kampuni hiyo ilifunga milango mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kinanda kilichokuwa Trinity asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 kilikuwa basi kitu ambacho mikono iliyokiunda haikuwapo tena kukiunda cha pili.

Hapa ni lazima nieleze kidogo namna chombo hiki kinavyofanya kazi, maana bila hilo habari ya vumbi haitaeleweka. Sisi neno letu kinanda tumelibebesha mizigo mingi. Wazee wa pwani walimaanisha chombo cha nyuzi, kile cha kupiga kwa vidole. Wamisionari walipokuja na hamoniamu nayo ikaitwa kinanda, na leo kijana wa kwaya akisema “niletee kinanda” anataka kile cha plastiki chenye waya wa umeme. Kinanda cha mabomba hakina nyuzi wala spika. Ni filimbi, maelfu ya filimbi, kila moja ikitoa sauti moja tu maisha yake yote. Pangaboi hujaza mivukuto, mivukuto husukuma upepo kwenye masanduku ya mbao, na mabomba yamesimama juu ya masanduku hayo kama mahindi shambani. Mpigaji huvuta vishikio kuchagua safu ipi ya mabomba ipate upepo. Bomba la urefu wa futi 32, karibu mita 10, hutetema mara 16 tu kwa sekunde. Sauti hiyo husikika zaidi kwa kifua na kwenye mbao za kiti kuliko kwa sikio. Bomba dogo kabisa ni jembamba kama penseli.

Katika vinanda vya namna ya Skinner, kidole kikibonyeza kibao, umeme mdogo huenda kwenye sumaku, sumaku huachia upepo kutoka kwenye kifuko cha ngozi, kifuko kinasinyaa, na valvu iliyo chini ya bomba inafunguka. Haya yote hutokea kabla hujapepesa jicho. Vifuko hivyo ni maelfu. Ngozi yake ni laini na nyembamba, na hata katika mazingira safi huchoka baada ya miongo michache, ikabidi ibanduliwe na kubandikwa mpya, kifuko kwa kifuko. Kisha kuna mabomba ya ulimi, yale yanayolia kama tarumbeta. Ndani ya kila moja kuna ulimi wa shaba unaopigapiga juu ya mdomo wake. Chembe moja ya vumbi ikikaa kati ya ulimi na mdomo, bomba linakohoa au linanyamaza kabisa.

Siku hiyo ya Septemba, baada ya shambulio la kigaidi, mnara wa kusini wa World Trade Center ulianguka saa 3:59 asubuhi, na wa kaskazini saa 4:28. Trinity iko mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka hapo. Asubuhi ile Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Wales, alikuwa katika ofisi za parokia karibu na kanisa, akajikuta kati ya watu waliokimbia wakitafuta hewa ya kuvuta. Jengo la kanisa halikuanguka. Wingu ndilo lililoingia.

Wingu lile halikuwa vumbi la barabarani. Lilikuwa saruji iliyosagwa, jasi, nyuzi za kioo, asbesto, na mabaki ya kila kilichokuwa ndani ya ofisi za ghorofa zaidi ya mia moja. Wanasayansi walilipima na kulikuta lina tabia ya chokaa kali, ya kuchoma koo na macho. Chukua unga huo, uumwage juu ya chombo chenye maelfu ya midomo iliyo wazi, maelfu ya vifuko vya ngozi na maelfu ya ndimi za shaba. Kukisafisha maana yake ni kukibomoa chote, bomba moja baada ya jingine, na kwa sababu ya asbesto mafundi hawaingii na kitambaa na brashi. Wanaingia na barakoa na nguo za kujikinga.

Kanisa likahitaji kurudi kwenye ibada. Watu wa mtaa ule walikuwa wamezika, na wengine walikuwa hawajapata cha kuzika. Walihitaji nyimbo. Katika hali hiyo, kusema “subirini miaka kadhaa kinanda kitengenezwe” kusingekuwa jibu la kichungaji. Mwaka 2003 Trinity ikaweka kinanda cha dijitali kilichoundwa na Douglas Marshall na David Ogletree wa Massachusetts. Hiki kilikuwa chombo cha kwanza cha kampuni yao. Kilielezwa kuwa cha muda.

Nisingependa mtu adhani nakuja kukibeza chombo hicho. Vinanda vya umeme vya zamani vilitengeneza sauti kwa kuiga. Hiki kilihifadhi sauti zilizorekodiwa kutoka mabomba halisi, sauti kwa sauti, zikapitishwa kwenye spika nyingi zilizotawanywa kanisani. Kutawanya huko kuna sababu. Kwenye kinanda cha mabomba kila noti inatoka mahali pake, na hewa ya kanisa ndiyo inayozichanganya. Ukizibana noti hamsini zitoke kwenye spika mbili, zinasongana, na sikio linatambua kuwa kuna kitu hakiko sawa hata kama mwenye sikio hajui ni nini. Marshall na Ogletree walilielewa hilo kuliko wengi waliowatangulia. Cameron Carpenter, mpigaji kijana aliyesoma Juilliard, chuo cha muziki cha New York, alirekodi albamu yake ya mwaka 2008 kwenye kinanda hicho cha Trinity, na albamu ikafika kwenye orodha ya walioteuliwa kwa tuzo ya Grammy. Baadaye Carpenter aliwaagiza mafundi haohao wamwundie kinanda cha dijitali cha kusafiri nacho, akakizindua New York mwaka 2014. Mtu wa kiwango hicho hakuchagua chombo kwa kukosa kingine.

Ubishi wa kama sikio linaweza kutofautisha ni wa zamani. Laurens Hammond alipoanza kuuza kinanda chake cha umeme mwaka 1935, akadai kinatosha kusimama pembeni ya cha mabomba, waunda mabomba walikasirika hadi shauri likafika kwenye tume ya biashara ya serikali ya Marekani. Wasikilizaji, wengine wataalamu wa muziki na wengine wanafunzi, waliketi katika kanisa la Rockefeller la Chuo Kikuu cha Chicago, wakapigiwa vipande kwa Hammond na kwa kinanda cha Skinner bila kuona kipi kinalia. Hata wataalamu walikosea mara nyingi za kutosha kuwaaibisha. Mwaka 1938 tume ilimwamuru Hammond aache baadhi ya madai yake, lakini jaribio lile lilikuwa limemtangaza kuliko matangazo yoyote ambayo angeyalipia.

Kwa hiyo sitaki kujenga hoja yangu juu ya sikio. Mwaka 2003 sikio liliridhika, au liliridhika kiasi cha kutosha. Hoja yangu iko kwenye neno “muda”.

Kitu cha muda kinapofanya kazi vizuri, hakuna mtu anayeitisha kikao kukijadili. Mwaka wa kwanza ulipita, wa tatu ukapita, Pasaka ikaja na Noeli ikaja, matamasha yakapigwa. Trinity ina programu ya muziki yenye sifa, na kwaya yake haina mfano jijini. Kila mwaka ulivyopita bila malalamiko, swali la mabomba lilizidi kurudi nyuma. Na mabomba yenyewe, ya ndani, yale yaliyokuwa yakilia, yalikuwa yameshaondolewa. Yaliyobaki ni yale ya mbele, ya kupendeza macho.

Hilo la kuondoa ndilo linaloniuma. Kuleta mashine ni jambo moja, kutoa chombo mahali pake ni jambo jingine kabisa, na katika makanisa mengi mawili hayo hufanywa kwa pumzi moja kama vile ni uamuzi mmoja. Kinanda cha mabomba hakihamishiki kama piano. Kimepimwa kwa jengo lake: mabomba yalipunguzwa na kuongezwa sauti yakiwa humohumo ndani, kwa kusikiliza mwangwi wa kuta zile na si nyingine. Kikishatoka, hata kama kila bomba limefungwa vizuri kwenye sanduku, kilichokuwapo kimekwisha. Yanabaki mabomba.

Nalijua hili kwa ukubwa mdogo zaidi. Katika kanisa nililokulia kulikuwa na hamoniamu ya kukanyaga, ya wamisionari, yenye sauti ya puani ambayo mpaka leo nikiifikiria nasikia tenzi za alasiri. Panya walikula ngozi ya mivukuto. Ikaletwa kibodi ya umeme, na tulifurahi sana, mimi nikiwa wa kwanza kukimbilia kuipiga. Hamoniamu ikasogezwa pembeni ikawa meza ya maua. Baada ya mvua za mwaka uliofuata mtu alihitaji mbao. Ngozi ya mivukuto ile ingebandikwa na fundi viatu yeyote kwa siku mbili. Hakuna aliyemwita, kwa sababu kibodi ilikuwa inalia. Kibodi nayo ilikufa baada ya miaka sita kwa radi, na siku hiyo hatukuwa na kitu cha kurudia.

Umri wa vyombo ndipo hesabu ya wahazini inapokosea. Kinanda cha mabomba kinagharimu mara nyingi zaidi ya cha dijitali, hilo halina ubishi, na kinadai fundi wa kukiweka sawa kila msimu, maana joto likipanda sauti za mabomba mengi nazo hupanda huku za ulimi zikibaki karibu palepale. Lakini kinaishi kwa vizazi. Cha dijitali kinaishi kadiri vipuri vyake vinavyopatikana. Kompyuta ya mwaka 2003 ilikuwa kizee kufikia mwaka 2015, na hakuna seremala anayeweza kuchonga chipu. Allen, kampuni ya Pennsylvania, iliuza kinanda cha kwanza cha kidijitali kwa kanisa moja la Kilutheri la Hanover katika jimbo hilohilo mwaka 1971. Tangu hapo chombo cha namna hiyo kimebadilika vizazi kadhaa, kila kipya kikiuzwa kwa maneno kwamba kile cha jana hakikuwa kizuri kama tulivyoambiwa.

Mfano wa kuuweka karibu na Trinity ni kanisa kuu la Chichester, kusini mwa Uingereza. Kinanda chake kilianzia kwa fundi Renatus Harris mwaka 1678, na mafundi wa kila karne waliongeza chao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mitambo ya upepo iliyowekwa mwaka 1904 ilikuwa imechoka kiasi kwamba hakikuaminika tena, kikanyamazishwa. Hili ndilo kanisa lililomwagizia mtunzi Leonard Bernstein zaburi zake za mwaka 1965, si mahali pa kudharau muziki. Nao pia walileta chombo cha elektroniki, na nao pia walikaa nacho kwa zaidi ya miaka kumi. Tofauti ni kwamba kinanda cha zamani kilibaki pale kilipo, kimya, kikipata vumbi la kawaida la miaka. Waliendelea kukiona kila Jumapili. Kilikuwa deni lililosimama mbele yao.

Trinity haikuwa na deni la kuonekana. Kasha lilikuwa zuri, mabomba ya mbele yanang'aa, sauti inatoka. Mgeni hakuwa na namna ya kujua kuna kitu kimepungua. Nafikiri hapo ndipo mabomba bubu yalipofanya kazi mbaya: yalificha pengo hata kwa wenye nyumba. Kama roshani ile ingeachwa tupu, mbao zikionekana nyuma, sidhani kama miaka 15 ingepita.

Lakini hatimaye walirudi. Mwaka 2018 kanisa lilianza ukarabati mkubwa wa jengo, ibada zikahamia kanisa dogo la St. Paul's, lililo la parokia hiyohiyo. Huko St. Paul's mwaka huohuo waliweka kinanda cha mabomba kilichoundwa na Fritz Noack mwaka 1989 kwa ajili ya kanisa moja la Chestnut Hill, Massachusetts. Chombo kilichokuwa hakihitajiki tena mahali pamoja kikapata kazi mahali pengine, jambo ambalo katika biashara hii ni bahati kubwa, maana vinanda vingi vinavyotolewa makanisani huishia kuyeyushwa kwa ajili ya bati na madini ya risasi. Nilisema kinanda kinapimwa kwa jengo lake, na bado nasimama hapo. Cha Noack ilibidi kipangwe na kusikilizwa upya katika nyumba yake mpya. Ila hiyo ni njia bora mara elfu kuliko tanuri.

Kwa kanisa la Trinity lenyewe wakaagiza kinanda kipya cha mabomba kutoka kampuni ya Glatter-Götz ya Ujerumani, wakishirikiana na Manuel Rosales wa Los Angeles, mafundi haohao walioshirikiana kuunda kile cha ukumbi wa Walt Disney mjini Los Angeles mwaka 2004. Mabomba yake yanazidi 8,000. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa na miaka 15 ya ushahidi kwamba ibada inaweza kuendeshwa kwa spika, tena spika nzuri, na wakiwa na ushahidi huo mkononi wakachagua upepo.

Kuna watakaosema ni kwa sababu wana fedha. Ni kweli wanazo, na walikuwa nazo mwaka 2003 pia. Fedha zilezile zilinunua uamuzi wa kwanza na wa pili. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza waliamua wakiwa na majivu mabegani, na ya pili wakiwa wamekaa na kusikiliza kwa muda mrefu.

Chichester nao walimaliza yao mwaka 1986, chini ya mafundi wa kampuni ya Mander ya London. Siku kinanda kilipolia tena, baadhi ya mabomba yaliyopokea upepo yalikuwa yaleyale ya Harris ya mwaka 1678, yaliyokuwa yamesubiri mahali pao. Kwenye roshani ya Trinity, nyuma ya kasha la zamani, ilibidi yapangwe mapya.